Mbwa Akidungwa Hupoa

Mwenyekiti alikuwa na firimbi. Naanza na firimbi kwa sababu yeye mwenyewe angeanza nayo. Aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, juu ya sweta la kijani ambalo sikuwahi kuliona likianikwa, na aliipuliza kwa kila jambo: mwizi, moto, maji yakirudi kwenye mfereji, mtoto wa mtu akikata njia katikati ya mahindi yake. Mwishowe tuliizoea, tukaacha kutoka nje kuangalia kuna nini. Yaani mkuu wa ulinzi wa mtaa ndiye aliyetufundisha kulala fofofo wakati wa hatari.

Tulikuwa majirani huku Kiamunyi, pembeni mwa mji wa Nakuru, upande ambao wakati huo mashamba yalikuwa mengi kuliko mageti. Kati ya boma lake na langu kulikuwa na ua wa kayaba wenye miiba ya kutoboa viatu, na mbele, kando ya barabara, nilikuwa na duka la vyakula na dawa za mifugo. Ndiyo maana watu waliniita Mama Agrovet, na bado wananiita hivyo. Mke wake tulimwita Mama Sammy. Mumewe alitaka aitwe Mwenyekiti na kila mtu, hata na mimi niliyemuuzia dawa ya viroboto. Mkewe peke yake ndiye hakumpa cheo hicho. Alimwita Baba Sammy, tena bila ujeuri wowote, ni mazoea tu ya nyumbani.

Uenyekiti wenyewe ulikuwa wa kamati ya ulinzi. Aliupata kwenye mkutano nje ya kanisa, kwa kura ya kuinua mikono, na mikono hiyo aliihesabu mwenyewe. Sikumbuki uchaguzi mwingine ukiitishwa. Kazi ya kamati ilikuwa kuzunguka mtaa jioni, na kazi yake ilikuwa kutuuliza kama tumezunguka.

Nilimdharau mtu yule. Sisemi nilimchukia, kwa sababu chuki ina kazi nyingi na mimi nilikuwa na duka la kuendesha. Nilimdharau tu, polepole, mwaka baada ya mwaka, na kila nilipodhani nimefika mwisho alinionyesha kwamba bado kuna nafasi.

Ujuzi aliojivunia zaidi ulikuwa wa mbwa. Kwake mbwa walikuwa wa aina mbili tu duniani, wa moto na waliopoa. Mbwa wa moto alilishwa ugali uliokorogwa na pilipili, akafungiwa kwenye kibanda cha giza mchana kutwa, na mara moja moja akachanganyiwa kiota cha nyigu kilichochomwa, ili hasira ya nyigu imwingie damuni. Mbwa aliyepoa alikuwa yule anayetikisa mkia mgeni akija. Neno hilo la kupoa alilitumia kwa dharau hata kwa watu. Mchungaji wetu alikuwa amepoa. Mwanamume aliyeonekana akiosha vyombo alikuwa amepoa. Hata chai ya uvuguvugu aliirudisha jikoni akisema imepoa kama mbwa wa Wazungu.

Mbwa wake mwenyewe aliitwa Kanali. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na lingine limelala. Mwenyekiti alituambia kwamba alimnunua kwa mkulima Mzungu kule Njoro, kwamba babake Kanali alikuwa mbwa wa polisi, na kwamba damu yake ilikuwa ya Ujerumani. Tuliamini, nani angempima mbwa damu? Siku moja dereva wa lori akasimama dukani kwangu kununua soda, akamwona Kanali amefungwa getini, akacheka sana. Alisema mbwa yule alizaliwa nyuma ya hoteli moja kule Salgaa, chini ya trela bovu, na kwamba turniboi wake, yule msaidizi wa lori, ndiye aliyempa mzee mmoja mwenye firimbi ili aondokewe na kelele. Nilimpelekea Mwenyekiti habari hiyo kwa furaha isiyo ya Kikristo. Akaniambia kwamba madereva wa lori hawajui Kijerumani.

Mnamo mwaka 2007, kabla ya kampeni za uchaguzi kupamba moto, daktari wa mifugo alikuja kututangazia kwamba mbwa watachanjwa bure dhidi ya kichaa, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Alifika siku chache mapema, kwenye mkutano wa mtaa, kutueleza. Alisema ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu hakuna hospitali itakayomwokoa, na kwamba sindano moja kwa mbwa ni ulinzi wa nyumba nzima. Alikuwa mtu wa kusema ukweli, kwa hiyo akataja na upande wa pili: mbwa anaweza kuvimba kidogo alipodungwa, na anaweza kulegea na kulala siku moja au mbili.

Hapo ndipo alipoharibu. Mwenyekiti alisimama kabla mtu hajauliza swali.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Mbwa ikidungwa inapoa. Daktari mwenyewe amekubali. Sasa mwizi akikuja hiyo siku mbili, nani atabweka? Daktari?"

Watu walicheka, na mambo yakaishia kwenye kicheko hicho. Kisha akatoa ushahidi wake, kisa cha jamaa mmoja wa mtaa wa Section 58, ng'ambo ya mji, aliyemchanja mbwa wake na wiki hiyo hiyo akaibiwa. Kisa hicho nimekisikia mara nyingi kuliko mahubiri ya Pasaka. Mara ya kwanza wezi walichukua mtungi wa gesi. Baadaye walichukua mtungi na televisheni. Kufikia siku ile ya mkutano walikuwa wamebeba makochi, na mbwa amelala juu ya kochi mojawapo.

Nisimnyime haki yake. Hofu ya wezi haikuwa ya kipuuzi. Polisi walikuwa mbali, mataa ya barabarani hayakuwapo, na wengi wetu hatukuwa na mlinzi mwingine ila huyo mwenye mkia. Mtu akipima usiku mmoja wa mbwa kulala dhidi ya ugonjwa ambao hajawahi kuuona kwa macho yake, nafahamu jinsi mizani inavyoweza kuinama upande wa mwizi. Mwizi tulimjua kwa jina. Kichaa cha mbwa tulikisikia tu.

Lakini yeye hakuwa mtu wa kutojua. Kila mara kideri kilipoanza kutajwa huko Rongai au Njoro, wa kwanza kusimama mbele ya friji yangu alikuwa Mwenyekiti, kununua chanjo ya kuku wake. Aliibeba ndani ya chupa ya chai yenye barafu, akiitembeza kama yai. Siku moja nilimuuliza kwa nini kuku wachanjwe na mbwa wasichanjwe. Alinitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Kuku ikipoa kuna hasara gani?" akasema.

Siku ya chanjo uwanjani walifika mbwa wachache sana, wangu akiwa mmoja wao. Mwenyekiti alipita na baiskeli, akatazama foleni yetu fupi, akapuliza firimbi mara moja. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi zikaja fujo. Sina haja ya kueleza Januari ile kwa mtu wa Nakuru. Nitaeleza tu alichofanya mkuu wetu wa ulinzi. Moshi ulipoonekana upande wa mjini, alikuja kutuambia kwamba kamati isimame imara, kwamba adui hapigi hodi, na kwamba yeye anakwenda kwa ndugu yake Section 58 kupanga mikakati. Alipanga mikakati hiyo mpaka hali ilipotulia. Firimbi alikwenda nayo. Boma, kuku na Kanali alimwachia Mama Sammy.

Na Kanali, yule wa pilipili na nyigu, ambaye damu yake haikuwa imeguswa na sindano yoyote? Mlio wa kwanza wa risasi uliposikika aliingia chini ya banda la kuku na hakutoka. Mama Sammy alimsukumia chakula kwa fimbo ya ufagio. Mbwa wangu aliyechanjwa, kama mtu anataka kujua, alibweka wiki nzima mpaka sauti ikamkauka. Nilimwambia Mwenyekiti hivyo aliporudi. Akasema Kanali alikuwa anavizia.

Fujo zile zilituachia jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Watu waliohama mashamba yao walibeba watoto, magodoro na sufuria, lakini mbwa hawakubebeka. Mbwa wakabaki kwenye nyumba zilizoungua, wakiwangoja wenye nyumba. Waliposhindwa kungoja wakaanza kutembea kwa makundi, wamekonda, wakifuata harufu za jikoni. Katikati ya mwaka mmoja wao alipenya kwenye ua wetu wa kayaba, akapigana na Kanali getini, akatokomea. Kanali alibaki na kidonda shavuni. Mwenyekiti alikipaka oili chafu ya gari, kikapona, naye akatangaza mtaa mzima kwamba mbwa wa moto hahitaji daktari.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja aliingia dukani kwangu bila salamu, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Mama Agrovet, nyinyi wamama mmedunga mbwa yangu."

Nilimuuliza nani amesema.

"Imepoa. Mtu wa maziwa amepita jana, haikubweka. Leo mimi nimeipiga teke, inaniangalia tu. Imefungua mdomo hivi." Akauachia mdomo wake mwenyewe wazi, taya limelegea. "Nyinyi na Mama Sammy mliingia wakati sipo."

"Inameza chakula?"

"Itameza aje na mmeilegeza? Mate tu ndio inatoka."

Ile picha ya kichaa tuliyokuwa nayo sote ni ya mbwa mkali, anayekimbia na kuuma kila kitu. Lakini ukutani nyuma yangu kulikuwa na karatasi ya idara ya mifugo niliyokuwa nimeipita kila siku, na ilisema kwamba kuna mbwa ambao kichaa huwanyamazisha. Taya huanguka, sauti hupotea, mate hutiririka. Mbwa yule anaonekana mpole.

Nikamwambia, "Mzee, hakuna mtu amedunga hiyo mbwa. Hiyo ni kichaa. Usiiguse, wacha niite daktari."

Aliitoa mikono juu ya kaunta. Nadhani alikuwa anapima, kwa namna yake. Upande mmoja kulikuwa na kukubali kwamba Kanali ni mgonjwa wa kitu ambacho sindano ya bure ingekizuia. Upande wa pili kulikuwa na jambo lolote lile.

"Kama si sindano, basi ni mfupa," akasema. "Imekwamwa na mfupa." Akatoka.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo pale pale. Alikuja kwa pikipiki, na tukaingia pamoja kwa jirani. Kanali alikuwa amelala kando ya kibanda chake, mdomo wazi, ulimi umekauka kama soli. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbali naye. Aliyekuwa karibu ni Mama Sammy, amechuchumaa, mkono wa kulia umelowa hadi kwenye kiwiko.

"Hakuna mfupa," akaniambia, kama mtu anayeleta habari njema. "Nimeingiza mkono mpaka kooni. Hakuna kitu."

Daktari alimuuliza ni nani aliyemwambia aingize mkono. Mama Sammy alimtazama mumewe.

"Mkono yake ni nyembamba," Mwenyekiti akajibu kwa niaba yake. "Mimi nilikuwa nashika taya."

Vidole vya Mama Sammy vilikuwa na mikwaruzo, ya miiba ya kayaba na ya meno ya mbwa, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. Daktari alimvuta hadi kwenye mfereji, akamwosha kwa sabuni kwa muda mrefu, akisugua hadi kwenye kiwiko. Nilitazama povu likishuka kwenye mkono ule mwembamba, nikamdharau mume wake kwa nguvu ambazo sikujua ninazo.

Niliwapakia mume na mke kwenye pikapu yangu. Zahanati ya kwanza tuliyofika ilikuwa na chanjo ya mtu mmoja tu siku hiyo. Mhudumu alituuliza ni nani aliyeingiza mkono mdomoni. Kabla hajamaliza swali, Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye kiti na amekunja shati hadi begani.

"Mimi ndio kiongozi," akasema. "Wakinikosa, nani atalinda mtaa?"

Mhudumu alinitazama. Nikamtazama Mama Sammy. Aliinamisha kichwa, akasema tumwache tu Baba Sammy atangulie, yeye atapata. Hasira ilinipanda hadi kichwani, lakini sikuona faida ya kugombania kiti huku saa zinakwenda. Nikamshika mkono ule ule, tukatoka. Nilimwacha mkuu wa ulinzi amefumba macho, uso ameugeuzia ukutani ili asione sindano.

Tulizunguka mjini. Chemisti ya kwanza hawakuwa nayo, ya pili ilikuwa imefungwa. Ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja Muhindi aliyewauzia dawa watu wa Nakuru tangu nikiwa shule. Alinisikiliza, akafungua friji, akasukuma maboksi huku na huku, akatoa kiboksi kidogo. Kisha akafunga duka lake mchana ule wenye wateja, akatupeleka yeye mwenyewe kwa nesi wa jengo la pili. Mama Sammy alidungwa siku hiyo, na akarudi kwa zile sindano nyingine kila alipotakiwa.

Kanali alikufa. Kichwa chake kilipelekwa maabara, na jibu lilikuwa lile tulilolijua.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Tulikuwa tumesikia kwamba mtu mwenye ugonjwa ule huogopa maji, koo hukataa kuyameza. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Sammy alikuja dukani, akajimiminia maji kwenye glasi kutoka kwenye mtungi wangu, akasimama mbele yangu na kunywa. Hatukuwa tumepatana hivyo, ilianza tu. Nilitazama koo lake. Akimaliza aliiweka glasi juu ya kaunta na kusema, "Nimemeza," kisha akarudi kwake kukamua ng'ombe. Siku nyingine maji yalimmwagikia kifuani, nasi sote wawili tukajifanya hatukuona.

Mumewe hakuja hata asubuhi moja kuuliza. Alikuwa na kazi ya kusimulia. Kwenye masimulizi yake alipambana na mbwa mwenye kichaa kwa mikono mitupu ili kumwokoa mke wake, na kiboksi cha chemisti kilitoweka kabisa kwenye kisa, pamoja na pikapu yangu.

Mara ya mwisho niliyomwona vizuri ilikuwa karibu na Krismasi ya mwaka huo wa 2008. Walitangaza tena chanjo ya bure, uwanja ule ule wa shule. Safari hii foleni ilifika hadi barabarani, mbwa wa kila rangi, kwa minyororo na kamba za katani. Mwenyekiti alikuwa mbele kabisa, firimbi mdomoni, akipanga watu. Alikuwa na mbwa mpya, kijana bado, aliyemwita Jenerali. Cheo kilikuwa kimepanda. Nyuma yake Mama Sammy alikuwa ameshika mnyororo.

Aliwaeleza watu kwamba yeye tangu zamani amekuwa akisema mbwa wachanjwe, ila watu wa huku ni wagumu. Ndipo mtu mmoja mgeni, aliyehamia mtaani baada ya fujo, akauliza kwa heshima kama ni kweli alivyosikia huku, kwamba mbwa akidungwa anapoa. Foleni nzima iligeuka kumtazama Mwenyekiti. Msemo ulikuwa umerudi nyumbani kwa mwenyewe.

"Nani amekudanganya?" Mwenyekiti akasema, akipandisha mkono wa sweta. "Mimi mwenyewe nimedungwa, mpaka mkono ikafura. Umeniona nimepoa?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ujirani wetu, nilikubaliana naye kabisa.

Zamu yake ikafika. Daktari wa mifugo akasema mtu amshike Jenerali mdomo asije akauma. Mwenyekiti, bila hata kugeuka, akanyoosha mkono nyuma.

"Mama Sammy, kuja ushike. Mkono yako ni—"

Hakumaliza. Mama Sammy alikuwa amepiga hatua mbele, na ule mnyororo ameuweka kwenye kiganja cha mumewe kilichonyooshwa, akamfunga vidole, kimoja kimoja, juu ya chuma.

"Shika wewe, Mwenyekiti," akasema.

Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Mumewe naye nadhani hakuwahi, kwa sababu aligeuka, akamtazama, kisha akatazama foleni nzima akitafuta mkono mwingine mwembamba. Sote tulikuwa tumekunja mikono. Basi akapiga magoti kwenye vumbi, firimbi ikining'inia mbele ya pua ya mbwa, akafumba macho, akashika.